Tangazo Juu ya Tangazo

Tovuti yangu ni ya tanzia.
Naandikia chumba cha juu, Kibokoni,
feni ikikwaruza kama mtu asafishaye koo:
fulani binti fulani amefariki,
maiti itatoka nyumbani, nyuma ya tangi la maji,
sala baada ya alasiri, maziko Kikowani.
Basi. Mistari minne, na makiwa.

Wenye matangazo waliponijia
walisema ni kiraka tu, pembeni, hutakihisi.
Mwezi wa kwanza kilikaa pembeni kwa adabu.
Wa pili kikasogea.
Wa tatu kikapanda juu ya uso wa marehemu Shekuwe
kikapiga ukelele: HONGERA! UMESHINDA!
na alama ya kukifungia ilikuwa ndogo
kama punje ya ufuta;
ukiigusa, wafungua duka la viatu.

Kwetu hata mdai hupiga hodi.
Husimama mlangoni, akakohoa, akangoja karibu.
Hiki hakikubisha. Kiliingia na viatu,
kikaketi katikati ya jamvi la msiba,
kikaanza kunadi.

Bi Mwanatumu wa Makadara akanipigia:
"Nimemkosa shoga yangu.
Saa ilikuwa chini ya picha ya mchele.
Nausukuma mchele, warudi. Nausukuma, warudi.
Nilipoiona saa, jeneza lishatoka.
Wewe, mwanangu, watuuza na maiti wetu?"

Nikawauliza wenzangu wenye tovuti,
Bondeni, kibandani kwa fundi wa simu.
Fauzi auzaye vipuri alicheka:
"Tovuti hailishwi dua. Mwenye seva ataka chake tarehe tano.
Mimi wakitaka kubandika kwenye paji langu, na wabandike."
Kadzo wa mapishi akasema
kwake msomaji huruka matangazo saba
ndipo aambiwe iliki kiasi gani,
na nusu ya wasomaji wamekimbia.
"Lakini hiyo nusu iliyobaki imemlipia kijana karo,"
akasema, akitazama kucha zake.
Bashiri alikuwa mkali:
"Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu mgeni kauza kitanda, sasa aulizia godoro."

Mimi sikuwa na rai safi.
Pesa zao nilizila. Zilinunua feni hii.

Kilichonivunja ni kisanduku cha kutafutia.
Walinipa bure. Nikadhani ni cha kutafutia majina;
kumbe nacho kina macho, humtafuta atafutaye.
Andika jina la mamako leo,
kesho waletewa sanda kwa bei ya jumla.

Siku moja nikafungua daftari lake la ndani.
Saa nane za usiku, mtu mmoja,
kila usiku, usiku arobaini na sita,
huandika Mwanakombo binti Athmani,
husoma mistari minne,
hukaa dakika kumi na moja,
huondoka.

Nao wakaniandikia, kwa lugha laini:
Msomaji huyu ana thamani.
Tungependa kumfahamu zaidi.

Mimi namfahamu.
Jina silijui, lakini namfahamu.

Nikaung'oa msimbo wao mstari kwa mstari
kama mtu atoaye mawe kwenye mchele.
Daftari nikalifuta.
Kisanduku nikakiunda upya kwa mkono wangu, na ni kibovu:
hakijui Athmani na Uthmani ni mtu mmoja,
ukikosea herufi chakuambia hakuna aliyekufa.
Watu wananilalamikia.
Seva nailipia kwa kudarizi kofia,
na mwezi huu kofia mbili zimerudi, vito havikulingana.
Tarehe tano ni kesho.

Jana sikulala. Nilikaa nikangoja.
Saa nane na dakika tatu jina likaandikwa,
ukurasa ukafunguka mweupe, mtupu, mistari minne.
Sikuandika popote.
Feni nikaizima, nisije nikamkwaruzia.
Dakika kumi na moja,
na hakuna aliyempa hongera.